Marahaba Iliyoshuka kwa Njia ya Mkato

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikija kusahau jina langu nitaikumbuka bado: siku niliyotoka hapa Mgwashi na baiskeli kwenda kuiona bahari. Kaa kwanza. Umeingia hapa unavua kofia yako ngumu, ukanipa shikamoo, na kabla sijafungua mdomo simu yako ikaita, ukatoka nje. Shikamoo yako nimeisikia. Jibu lake liko njiani, ila litapitia mbali kidogo.

Najua safari yako yote, umenisimulia mpaka nimeikariri. Umewatoa wageni Lushoto kwa baiskeli, mkakatiza msituni, mkapita Soni na Bumbuli, na kesho mnateremka bondeni, kisha Korogwe, Muheza, na mwisho Pangani ufukweni. Tangu nisikie neno mteremko moyo unanienda mbio utadhani ni mimi ninayeondoka. Usinicheke! Magoti yamezeeka, lakini hamu iko pale pale.

Enzi zetu msichana hakuendesha baiskeli. Alibebwa kwenye keria, miguu upande mmoja, ametulia kama mzigo wa kabichi. Mimi nilijifunza kwa kuiiba baiskeli ya baba, ile nyeusi ya chuma, mguu nimeupenyeza chini ya bomba kwa sababu kiti sikukifikia. Baba alipojua hakunichapa. Alininyamazia siku nyingi, na kwa mtu mwenye mdomo kama wangu hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko fimbo.

Nilipokuwa msichana mkubwa, kaka yangu Yohana akapanga kwenda Tanga kumsalimia shangazi. Nikalia, nikabembeleza, nikamtuma mama, hadi baba akakubali nifuatane naye, yeye na baiskeli yake, mimi na ile nyeusi. Ila alitoa sharti mbele ya wadogo zangu wote wa kike. "Mkirudi wazima, wewe na wadogo zako mtapanda. Ukianguka, hakuna binti wa nyumba hii atakayegusa usukani tena." Wadogo zangu wakanitazama. Nikavaa suruali ya Yohana ndani ya gauni, tukaondoka.

Mwanangu, mteremko ule! Huku kwetu baiskeli tunaisukuma zaidi kuliko inavyotubeba, sasa siku hiyo nikaambiwa na barabara yenyewe, kaa tu, nitakupeleka. Upepo ukajaa kwenye gauni, machozi yakanitoka, nikacheka peke yangu kama chizi. Migomba inapita, chai inapita, harufu ya udongo uliolowa inakuja na kuondoka. Yohana nyuma anapiga kelele, "Kamata breki!" Nami nazikamata kidogo tu, ili nisiseme uongo nikiulizwa.

Kwenye kona moja alikuwa amesimama mama mtu mzima, kapu la iliki mgongoni, mkono ameuinua juu. Desturi yetu unaijua. Ukikutana na mkubwa unashuka kwenye baiskeli, unaamkia, unangoja uitikiwe, mnaulizana habari za nyumbani na za shamba na za wagonjwa, ndipo unaendelea na safari. Mimi nishuke? Na ule mwendo mtamu? Nikapaza sauti, "Shikamoo mamaaa!" na Yohana naye akatupa ya kwake, tukampita. Nilijiona nina adabu kabisa. Nimeamkia, au siyo? Mkono wake nikadhani anatupungia.

Mbele kidogo mnyororo wa Yohana ukaruka. Akainama kuurudisha, mikono imejaa grisi, huku mimi namhimiza kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mjukuu. Tukapanda tena, tukashika kasi. Mara migomba ya upande wa juu ikatikisika, na mama yule yule akachomoza, akasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni. Breki zikalia, tairi la nyuma likateleza, nikasimama karibu kabisa na vidole vyake. Alikuwa anatweta, hana kapu tena, kanga imejaa mbigili. Wakati sisi tunazungushwa na barabara, yeye alikuwa ameteremka moja kwa moja kwa njia ya mkato ya watu wa shambani.

"Marahaba," akasema.

Tukakodoa macho.

"Shikamoo zenu nimezipata kule juu. Mmeondoka bila marahaba, nimewaletea. Haya, kwenu hamjambo?"

"Hatujambo, mama."

"Mnakwenda wapi?"

"Tanga, mama," nikasema. "Kuona bahari."

"Kwa daraja gani?"

Akatugeuzia mgongo, tukamfuata tukisukuma baiskeli. Baada ya kona iliyofuata barabara ilifika mtoni, ikaishia hapo. Mvua ya juzi ilikuwa imelibeba daraja, limebaki gogo moja linaning'inia, na chini maji yanapiga mawe. Kwa kasi ile tusingeliona hadi tuwe tumeshaingia. Yohana akakaa chini pale pale. Mimi nyuso nilizoziona mbele yangu ni za wadogo zangu.

"Ningewaambia kule juu," yule mama akasema, sasa kwa upole. "Ndiyo maana niliinua mkono. Lakini wewe binti uliniamkia kisha ukakimbia jibu. Sasa ulikuwa unamwamkia nani?"

Alituonyesha mahali pa kuvukia, juu zaidi, maji ya magotini, akaingia mwenyewe kutushikia baiskeli. Ng'ambo nikamwambia, "Hongea, mama," ile asante yetu ya Kishambaa, na safari hii nikabaki nimesimama kusubiri. Akanifinya shavu mpaka likauma, akarudi kulifuata kapu lake.

Basi tukafika. Muheza tulikula machungwa hadi vidole vikanata kwenye usukani. Na bahari, mwanangu, nilipoiona kwa mara ya kwanza nilidhani ni ukungu, ule wa asubuhi unaojaa bondeni ukabaki unaona vilele tu. Kisha nikaona unatembea. Nikaitupa baiskeli ya baba mchangani, nikaikimbilia, nikasimama mbele yake. Nikaona huyu ni mkubwa kwangu. "Shikamoo," nikasema, nikasubiri. Yohana alicheka mpaka akakaa. Wimbi likaja taratibu likanilowesha hadi magotini, nami nikaridhika kwamba nimeitikiwa.

Tuliporudi, baba aliizunguka baiskeli akiipapasa kama anayenunua mbuzi. Nikamweleza yote, pamoja na shikamoo niliyoitupa, nikijua huenda nazima furaha ya wadogo zangu. Akauliza jambo moja tu. "Na mara ya pili ulimsubiri?" Nikasema nilimsubiri. "Basi wadogo zako wapande." Ndivyo baiskeli ilivyomfikia mama yako, na ndivyo ilivyokufikia wewe.

Kwa hiyo kesho, mwanangu, furahini! Sikwambii mwende kinyonge. Mteremko ule Mungu aliuweka ili watu wapige kelele. Lakini ukimwona mkubwa kando ya njia, mkata majani, mama wa iliki, hata mlevi, shuka. Amkia, kisha usubiri. Wafundishe na wageni wako, wamelipa kuiona milima, na milima ina wenyewe. Ramani ya simu yako ni nzuri, nimeiona, ila haijui mvua ya jana imefanya nini. Anayejua ni yule aliyeamka hapo, na habari yake huja baada ya marahaba, haitangulii.

Mungu akutangulie kwenye kila kona, breki zako zishike, wageni wako wafike wote, na bahari ikupokee kama ilivyonipokea mimi. Ukifika, iamkie kwa niaba yangu.

Na sasa ile shikamoo yako ya tangu ulipoingia. Weka simu chini. Nitazame.

Marahaba, mwanangu. Marahaba.