Daraja la Watu, Si la Pembe

Nasema mapema: daraja lile tulilifunga wanawake. Siku hizi hapa Kindu kuna wazee wanaojisifu kwamba walikuwepo. Waongo watupu. Walikuwa wamejificha porini, kila mmoja anaogopa kushikwa abebe pembe za ndovu za wangwana, wale wafanyabiashara waliotoka pwani na bunduki. Siwalaumu kwa kujificha. Nawalaumu kwa kujisifu.

Kijito chetu kilikata njia ya mashamba kabla hakijaingia Lualaba. Zamani tulivuka juu ya magogo mawili. Msafara mmoja wa pembe ukapita hapo bila kuuliza mtu, wote wakakanyaga kwa pamoja na mizigo yao, magogo yakapasuka kwa chini. Hatukujua. Asubuhi yake mama yangu akapita na kikapu cha mbegu mgongoni, gogo likakatika, akavunjika nyonga. Alipona, lakini kilema. Shamba likawa ng'ambo na yeye huku, anakula muhogo wa kupewa. Mama yangu huyo, aliyekuwa akilisha nusu ya kijiji! Kila jioni aliniuliza nguruwe wamefika wapi shambani, nami nilimdanganya. Roho iliniuma, nikaapa kwamba atavuka tena kwa miguu yake mwenyewe.

Wanaume wachache waliobaki wakasema eti kufunga daraja la kamba si kazi ya wanawake. Nikawauliza migono ya samaki inasukwa na nani. Basi tukaingia msituni wanawake sita, tukakata kamba za mwituni, tukasuka daraja vilevile tunavyosuka mgono, tukalitundika juu ya maji kati ya miti miwili. Wa kupanda miti hiyo njo mimi. Aliyetaka kucheka alicheka.

Kona ilikuwa wazo langu. Mdomoni mwa daraja, upande wa kijiji, tulikita magogo mazito huku na huku, tukakazia humo ncha za kamba zilizoshuka mitini, njia ikawa nyembamba, halafu inapinda ghafla nyuma ya mti. Mtu mwenye kikapu mgongoni anageuka kidogo, anapita. Pembe ndefu inayobebwa na watu wawili haiwezi kupinda pale. Watu waliofungwa shingo kwa shingo nao hawawezi. Nilitaka hivyo hasa, na sikumwomba mtu ruhusa.

Siku aliyovuka mama, mvua zilikuwa zimekolea na maji yamejaa. Alivuka polepole, anaburuta mguu, jembe amelifunga mgongoni, na akanikataza nisimshike. Ndiyo kwanza amekanyaga shamba lake, msafara wa pembe ukatokea nyuma yetu sisi wasukaji tuliobaki huku, wapagazi wake wamefungwa shingo kwa shingo.

Mnyapara wao alikuwa na haraka, bwana wake anamngoja Lualaba. Wakajaribu kuingiza pembe ya kwanza, ikakwama. Ya pili nayo ikakwama. Akaniamuru niyang'oe magogo. Nikamtolea macho makavu.

"Bwana mukubwa," nikamwambia, "hili daraja njo la watu. Pembe haina miguu, haipiti."

Wenzangu wakaanza kurudi nyuma, mmoja ananivuta nguo. Mnyapara akainua shoka, kisha akaona kwamba kamba zote zimefungwa kwenye magogo yale yale. Akikata kona, daraja zima linaanguka majini. Akalishusha shoka. Jasho lilimtoka, nami nilifurahi wala sikuficha.

Ndipo akapata akili yake mwenyewe. Wapagazi watue pembe, wafunguliwe, wavuke mmoja mmoja na ncha ya kamba, kisha waziburute pembe ndani ya maji kutoka ng'ambo. Akawaambia askari wake wawili watangulie. Askari wakalitazama daraja linavyoyumba, wakasema hapana, hawa wapite kwanza tuone kama linashika watu. Nikajiuma ulimi nisicheke.

Wapagazi wakafunguliwa shingo. Walikuwa watu wa upande wa Tunda, wakavu, mabega yamechubuka. Mmoja mmoja wakapita konani, wakavuka. Wa kwanza alipofika aliiachia kamba, ikaenda na maji. Mama aliinua mkono akamwonyesha njia ya nyuma ya shamba, ile inayoingia msituni. Akaifuata, na wengine nyuma yake, wala hawakukimbia, askari wakadhani wanatafuta pa kuvutia kamba. Askari waliposhtuka na kupiga bunduki, wa mwisho alikuwa ameshafika kwenye migomba.

Mnyapara akanigeukia. Akataka kujua nani amewafundisha.

"Umesema mwenyewe wapite," nikamjibu.

Akanipiga begani kwa kitako cha bunduki, nikasikia mfupa unalia. Nikaanguka, nikainuka, nikasimama palepale. Wenzangu walikwisha kimbia, na mimi kwa bega lile sikufaa kubeba kitu, ndiyo maana hakunichukua. Akashika shoka akakata. Daraja letu tulilolisuka siku nyingi likaanguka kwa pigo la tatu. Nililia, nasema kweli, kwa hasira. Akawaacha askari wawili wazilinde pembe zake, akaenda kumweleza bwana wake.

Nikamtazama mama. Yuko ng'ambo peke yake, maji yamejaa, hana pa kupita. Nikamwita, nikamwambia angoje, tutalifunga tena. Nikamwita mara tatu. Hakuinua kichwa. Alikuwa anapalilia.