Kidudu cha Kisimani na Kidudu cha Hospitalini

Jambo lote lilinigharimu mbuzi wawili na choo cha mtu mwingine. Nimehesabu mara mbili, na hakuna kinachopungua.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nauzia hoteli za Kitui maji kwa punda. Niliyachota kwenye kisima changu, shimo nililochimba katika mchanga wa mto uliokauka na kulizungushia miiba, kama wanavyofanya watu wa kwetu wakati wa kiangazi. Kisha jirani yangu akashikwa na kipindupindu. Alikuwa ametoka matangani upande wa Makueni, ambako wengine pia waliugua, lakini mkewe alisimama kanisani akasema ni maji yangu.

Bwana afya akaja, akajaza chupa, akaenda. Aliporudi alisema kidudu cha kipindupindu kimeonekana kisimani, kwa hiyo nifunge.

"Nifungie nusu," nikamwambia. "Hiyo nusu nyingine nitanyweshea punda."

"Mama, kisima hakifungwi nusu."

"Na hicho kidudu, ulikiuliza kama ndicho kilichomlaza jirani?"

"Kidudu hakiulizwi."

"Basi mimi nitakwenda kukiuliza."

Punda wakikaa bure wanakula vilevile. Nikauza mbuzi wa kwanza, nikaenda hospitali. Mama wa maabara alinifukuza. Kesho yake nikarudi, nikakaa kwenye benchi lake mpaka akachoka kunipita.

"Unataka nini hasa?"

"Nataka kujua kama kidudu changu na cha jirani ni kimoja."

Akanitazama, halafu akaniita ndani. Kwenye vipande viwili vya kioo alikuwa na vidudu, vya jirani huku, vya kisima changu huku. Akavidondoshea dawa ya kukitambua kidudu cha ugonjwa. Vya jirani vikashikana vipandevipande kama maziwa yaliyoganda. Vyangu vikabaki vimetulia, wala havikujali.

"Jina la ukoo ni moja," akasema. "Lakini hiki cha mgonjwa kina vinywele vya kung'ang'ania utumbo, na kina sumu inayomtoa mtu maji yote mwilini. Hivi vyako vinaonekana ni vya mtoni tu. Vingi vya aina hii havina silaha hizo."

Hilo nililielewa upesi. Sokoni kwetu kuna wanaume wawili wa jina moja. Mmoja analipa kabla hujamkumbusha, mwingine hakopeshwi hata chumvi.

"Basi niandikie nifungue."

"Ngoja. Hakika ya sumu inapimwa Nairobi. Na kuna jambo lingine: kisicho na sumu kinaweza kuipata kutoka kwa kilicho nayo, vikikutana. Si mara nyingi, lakini hutokea."

"Kinakopeshwa?"

"Kinapewa kabisa. Hakirudishi."

"Kitui hakuna mkopeshaji kama huyo," nikasema, naye akacheka kwa mara ya kwanza.

Sampuli ikaenda Nairobi. Nilingoja huku wateja wangu wakinunua kwa wengine. Jibu lilipokuja, vidudu vya kisima havikuwa na sumu. Bwana afya akakubali nifungue, kwa sharti moja: choo cha jirani, kilichokuwa ukingoni juu ya shimo langu, kihamishwe. Jirani alikuwa amerudi nyumbani, na alichokibeba tumboni kingeweza kushuka mchangani, kikakutana na vyangu.

Nikamwendea.

"Umenilaza hospitali," akasema, "na sasa unataka hata choo changu?"

"Sikitaki. Nataka kikae mbali nami."

"Nani atachimba? Mimi bado miguu inatetemeka."

Nilimtazama miguu. Ilikuwa inatetemeka kweli. Mbuzi wa pili akalipa wachimbaji, mbao na mabati, na nikasimama pale mpaka shimo likapita kimo cha mtu. La zamani tukalimwagia chokaa, tukalifukia.

Hoteli zilirudi moja moja. Jirani mwenyewe anachota kwangu. Mkewe hachoti. Kila asubuhi anapita miiba yangu na mtungi wake, anakwenda kisima cha mbali, na watoto wake wanamfuata. Nimemweleza habari ya vioo, vinywele na sumu. Husikiliza vizuri, kisha hunijibu, "Lakini si uliambiwa ni kipindupindu?" Na wanawake wengine wanamwangalia yeye, hawaniangalii mimi. Anayejua namna ya kumwambia mtu kwamba jina si ugonjwa, tafadhali anishauri. Nitalipa, ila tupatane bei kwanza.