Fungu la Batuli

Batuli Awadhi, msuka mikeka wa Kanyenye, alikulia katika nyumba yenye kamba ukutani. Kamba ya magome ya miombo, urefu wake pima mbili tu. Babu wa baba yake, Mabruki, aliifungia mzigo wa pembe kutoka Unyamwezi mpaka Bagamoyo. Siku aliyofika pwani, merikebu ilipasukia mwambani, watu wakawa wanazama huku wenzao wanatazama. Mabruki akaingia maji ya kiuno, akairusha kamba yake. Ikarefuka mpaka ikawafikia, wakavutwa watu kumi na saba. Alipoikunja, ilikuwa pima mbili zilezile.

Batuli hakuhitaji kusadikishwa. Utotoni alimwona baba yake akimtoa mtoto wa jirani kisimani kwa kamba hiyo, na kisima kilikuwa cha pima kumi na tano.

Baba alipofariki, Selemani, mdogo wake Batuli, alikuja kutoka Isikizya kudai mirathi. Vyombo vikagawanywa, cherehani ikagawanywa kwa thamani. Kisha akanyoosha kidole ukutani.

“Na ile.”

“Ile haigawanyiki, Selemani. Marehemu aliniachia niitunze.”

“Sheria ni sheria, dada. Mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja.”

Wazee wa kikao wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuonekana anabishana na sheria kwa ajili ya kamba. Kisu kikaletwa. Batuli akabaki na kipande kisichotosha hata kumfunga mbuzi.

Machi iliyofuata, yeye na bintiye Yasmini, msichana wa miaka kumi na tisa, walikuwa wakirudi kutoka shamba la karanga. Korongo walilolivuka asubuhi likiwa na maji ya kifundoni lilikuwa limejaa. Yasmini alitangulia. Katikati maji yakamzoa, akabahatika kudaka mzizi. Batuli alifungua kile kipande kiunoni, mahali alipokuwa akikifunga kila masika, akakirusha.

“Mama, haifiki.”

Akarusha tena. Akaingia mpaka kifuani, akarusha tena. Kilipungua dhiraa moja tu, na hakikurefuka hata unyasi. Yasmini alikuwa akimtazama mama yake mzizi ulipong'oka.

Siku ya tatu ya matanga Selemani alikuja na fungu lake, amelifunga kwenye gazeti.

“Dada, tuviunganishe. Huenda nguvu yake ikarudi.”

“Imrudie nani?” Batuli akamuuliza.

Selemani akaliacha gazeti mlangoni. Waliokuja kufagia wakalitupa pamoja na takataka, na Batuli aliwaona, akawaacha.

Ni mwaka wa sita sasa. Kila Ijumaa, akitoka msikitini, Selemani husimama mbele ya kibaraza cha Batuli.

“Shikamoo, dada.”

Batuli anajua kwamba kuitikia salamu ni deni mbele ya Mungu. Huchukua ukili mwingine wa mkeka, akaendelea kusuka, mpaka mdogo wake achoke kusimama na kwenda zake.