Saumu ya Samaki wa Bahari

Siku ya kuondoa matanga ya mama, aliyemfuata baba kaburini, baba mdogo alitugawa. Kaka yangu anayenifuata angekwenda naye Katogota kulima muhogo. Mdogo wetu wa mwisho, msichana, angepandishwa milimani Bijombo kwa shangazi mwenye ng'ombe. Mimi ningetafutiwa mume. Aliyasema hayo kwa upole, kikombe cha chai mkononi. Nikasema hapana. Wazee wakacheka: msichana aliyeacha shule darasa la nne ana hapana gani?

Nikawachukua wadogo zangu mpaka Uvira mjini, kwa bibi Mwislamu mwenye duka la vitambaa, ambaye mama alikuwa akimfulia nguo. Alikuwa na chumba kitupu uani. Alitupatia, kwa sharti kwamba niangalie bahari yake.

Bahari hiyo ilikuwa sanduku la kioo lililoachwa na Mbelgiji mmoja aliyeondoka haraka wakati wa uhuru. Ndani mlikuwa na mawe, samaki wawili wadogo wa manjano walioletwa kwa ndege, na maji ambayo lazima yatiwe munyu, yaani chumvi, kwa sababu maji ya ziwa letu hayakuwafaa. Babu zake bibi walitoka pwani zamani za biashara ya ziwani. Yeye mwenyewe hakuwahi kuiona bahari. Kwa hiyo sanduku aliliweka dirishani, penye jua, ili kila mpita njia aone nyumba ile ilikotoka.

"Lakini sasa inanitia aibu," aliniambia. "Itakate, mkae. Samaki wakifa, mtafute pengine."

Mwani ulikuwa umeshika kioo chote, kijani kizito, na juu ya mawe umeota kama nywele. Niliusugua kwa kitambaa; kesho yake umerudi. Nikabadilisha maji, nikachanganya munyu upya, umerudi. Mwishowe niliacha kusugua, nikavuta kigoda nikatazama. Kila mteja aliyeingia alikuja na kitu: kipande cha dagaa tuwaitao ndagala, tonge la ugali wetu wa bukari, hata andazi. Anakitupa ndani, anasema, "Karibuni, wageni!" Kwetu mgeni haachwi na njaa, na hawa walikuwa wametoka mbali kuliko wageni wote. Walikula kidogo. Kilichobaki kilizama na kuoza, na penye makombo na jua ndipo kijani kilipokuwa kinene, kama shamba lililotiwa samadi.

Nikatundika kitenge dirishani, nikaufunika mdomo wa sanduku kwa wavu, nikawakataza watu.

"Weye mutoto, nani alikufundisha uchoyo?" Huyo alikuwa mama muuza samaki, ndagala mkononi. "Ndiyo sababu Mungu alikunyima wazazi!"

"Leo hawali, mama."

"Kwa nini?"

"Wamefunga."

Duka zima likacheka. "Wamefunga! Na Ramadhani imepita zamani!"

"Walikuwa safarini. Sasa wanalipa siku zao."

Kicheko kikakatika. Mimi nilikuwa mtoto wa Kiprotestanti. Hilo la msafiri kulipa saumu nililijua kwa bibi mwenyewe, ambaye wiki zile alikuwa akilipa siku alizougua. Wote wakamgeukia. Akinikana, jioni tungekuwa barabarani na vifurushi vyetu. Sikuinamisha macho.

Bibi alinyoosha kanga yake kichwani, taratibu. "Anayemlisha msafiri anayelipa saumu yake," akasema, "dhambi ni ya nani?"

Yule mama akaitazama ndagala, akaitia kinywani mwake. "Basi nakula minye mwenyewe. Minye sikufunga."

Tangu hapo niliwafuturisha magharibi, kiasi cha ncha za vidole, na kilichobaki nilikitoa. Mwani ulipungua polepole. Haukuisha, ulibaki kwenye mipasuko ya mawe, nikauacha, maana samaki waliudonoa. Kioo kilionekana tena.

Kisha waasi wakaingia mjini. Maduka yakafungwa, munyu ukapotea sokoni, watu wakala sombe ya majani ya muhogo, chapwa. Sikumwaga tena maji niliyoyatoa sandukuni. Niliyachuja kwa kitambaa, nikayachemsha mpaka yakakauka, na chini ya sufuria ukabaki munyu wa kijivu; mwingi niliurudisha kwa samaki, kidogo tukala.

Wakati huo ndipo baba mdogo alipokuja, kwa miguu, kwa njia za vichakani. Tulimkaribisha chakula. Alionja sombe, akaacha kutafuna.

"Munyu! Muliutoa wapi?"

"Kwa samaki wa bibi."

"Munakula maji ya samaki?"

"Na mavi yao, baba," kaka yangu akasema. "Ongeza."

Alicheka bila kutaka, akakata tonge jingine. Alipokwisha kunawa, uso ukabadilika. "Huyu mwanaume nitaenda naye kesho. Huyu mudogo nitarudi kumuchukua. Hapa iko vita."

"Na Katogota hakuna vita?"

"Dunia inaungua, weye unalinda samaki."

"Ninalinda chumba. Samaki wako hai, kwa hiyo chumba ni chetu. Ulitugawa, baba, nikakataa. Bado nakataa."

"Mukubwa wa jamaa ni minye."

"Kule, ndiyo. Humu ni mimi."

Alilala mkekani, mgongo kwetu. Asubuhi alisimama uani akamwita kaka yangu kwa jina la utoto, lile ambalo marehemu baba alimwitia. Lilinichoma. Kaka alikuwa dukani anakwangua kioo kwa wembe. Alilisikia, nikaona bega lake likishtuka, lakini wembe uliendelea. Baba mdogo aliita tena. Mdogo wetu wa mwisho akaenda kusimama upande wa pili wa sanduku, akaanza kusugua.

Nikafunga munyu kwenye jani la mgomba, kwa ajili ya mke wake. Aliupima mkononi, akautia mfukoni mwa shati, akashika njia ya kaskazini peke yake.