Mafuta ya Esperansi Yaliyomwagwa

Mimi Apolinaria nakaanga chipsi hapa Gongoni mwaka wa kumi na moja huu, na dharau kama ile sijaiona.

Esperansi kazaliwa Ulyankulu kwa wakulima wa tumbaku, akaja huku kwetu Tabora mjini kusoma, anakaa kwa shangazi yake. Kila Ijumaa alinijia na kidumu. "Shikamoo mama. Mafuta yaliyochoka yapo?" Yapo mwanangu, chukua. Anayachuja kwa kitambaa, darasani anayachanganya na methanoli na kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, kisha anayaosha kwa maji mpaka yanakuwa mafuta ya kuendeshea injini badala ya dizeli. Waliyajaribu kwenye jenereta ya shule, ikanguruma, moshi unanukia chipsi! Nilicheka mpaka machozi.

Julai wakaja waamuzi kuchagua mwanafunzi mmoja wa kwenda maonyesho ya sayansi ya taifa. Esperansi akanialika. Sasa asubuhi ile ilikuwa na baridi, na mafuta yangu ni ya mawese, hata yakishageuzwa, baridi ikiyapata yanaingia ukungu. Mama yeyote wa jikoni anajua: yaanike juani, yanarudi. Mkuu wa shule yeye hajui. Kafungua darasa mapema, kaona chupa ya Esperansi, ndiyo pekee iliyobaki, ina ukungu, kasema yameoza. Kayamwaga! Kajaza dizeli ya sheli, wala hakumuuliza mtu.

Mwamuzi akachukua methanoli, akatia matone ya ile chupa, akatikisa. Mafuta ya Esperansi yangeyeyuka yote. Haya yakatuama chini.

"Hii ni dizeli ya kawaida. Binti, umetudanganya?"

Mtoto wa watu haelewi kitu. Na mkuu? Anatazama viatu vyake! Nikasimama, nikainyakua chupa, nikanusa.

"Haya si mafuta yangu! Mwalimu, ufunguo wa darasa unao wewe. Sema!"

Akasema, kwa kujiumauma, eti alitaka shule ipendeze. Ipendeze! Miezi mitano ya mtoto kaimwaga mtaroni.

Waamuzi wakasikitika sana, lakini bila mafuta yenyewe hawana cha kupima. Wakampitisha mvulana mwenye taa ya sola.

Mkuu akamshika Esperansi bega. "Usijali binti, utajaribu mwakani."

Esperansi, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, akautoa ule mkono begani.

"Mwakani sipo, mwalimu. Niko kidato cha nne."