Msichana Aliyeozesha Maboga ya Shule

Nilipokuwa mtoto pale Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, boga changa lilikuwa na masharti yake. Hulinyooshei kidole, unalionyesha kwa ngumi. Na msichana aliye katika siku zake halisogelei kabisa, maana litaoza likiwa bado kwenye mtambaa wake. Sharti la kwanza nililizoea mapema. La pili lilinifikia nikiwa darasa la sita, mwaka uleule shule yetu ilipoanzisha bustani ya mboga, na hadi leo nikiona boga sokoni napita upande wa pili.

Nililelewa na bibi yangu, tuliyemwita Koko kama Wakongo wengi. Tulikimbia naye kutoka Fizi, Kongo. Alikuwa shemasi kanisani, na ukimtajia hirizi alikuwa akitema mate. Lakini habari ya maboga hakuihesabu kuwa ushirikina. Kwake ilikuwa kama kunawa mikono kabla ya kula. Siku niliyovunja ungo alinifundisha kujisitiri, akanipikia chai ya maziwa, kisha akaniketisha mkekani.

"Faida, sikiliza. Siku zile usikanyange mule mu bustani ya masomo. Maboga ikioza, batatafuta mutu. Na ule mutu atakuwa weye."

Niliitikia, lakini kwa shingo upande, kwa sababu bustani ile niliipenda kupita kiasi. Aliyeianzisha ni Mwalimu Tumwine wa sayansi, Mnyankore mrefu, mwenyeji wa sehemu zile, aliyekuja kwa baiskeli kutoka upande wa Isingiro. Alitugawia matuta nyuma ya madarasa, tukaleta mbegu kutoka nyumbani: lengalenga, yaani mchicha, maharage, maboga. Maji tulichota ziwani kwa jerikeni. Kabla ya hapo chakula cha mchana shuleni kilikuwa uji mweupe wa mahindi, na mgao wa chakula kambini ukichelewa hata uji huo hukuuona. Siku lengalenga ya kwanza ilipochemshwa, tulikula huku tunachekeana ovyo kama watu walio harusini. Mimi nilichaguliwa kiongozi wa matuta ya maboga. Hata wakubwa wa darasa la saba waliniomba ruhusa ya kupita, nami nikavimba kichwa kweli.

Kwa hiyo siku zangu ziliporudi, nikabaki nje ya ua nikiwatazama wenzangu wakipalilia, Mwalimu aliona mara moja. Akaniita kando.

"Faida, wewe ndio kiongozi. Kwa nini nakaa huko? Nagonjwa?"

Nilimwambia ukweli. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi, kwani jambo lile hata rafiki yangu wa karibu sikuwa nimemtamkia. Mwalimu hakucheka. Alikwenda akachuma boga moja lililoanza kulainika, akalipasua kwa panga, akanionyesha funza weupe wakijikunja ndani.

"Ona. Nzi ndio nafanya hii. Naweka mayai ndani ya boga. Hapana wewe. Ile maneno ya wazee, achana nayo. Mimi ni mwalimu wako, sawa? Kuja lima."

Machozi yalinitoka kwa furaha. Niliingia nikalima siku ile, na siku nyingine za namna ile miezi iliyofuata. Koko alijua, maana udongo wa bustani uliniganda visiginoni. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu ni mutu muzuri. Tutaona siku batamuuliza."

Wakamuuliza. Mvua zilipokolea, maboga yakaoza karibu yote, na wazazi waliotoa mbegu wakaja shuleni. Mbele yao alikuwa mama mmoja mwenye kibanda cha mboga kitongoji cha Misiera, aliyekuwa na watoto wake pale shuleni. Alisimama katikati ya matuta, akapiga teke boga likapasuka.

"Kuna binti aliingia humu na siku zake," akasema. "Mutuonyeshe ni nani. Ao tunangoa yote leo, na batoto betu habatalima tena."

Sikuogopa hata kidogo. Mwalimu alikuwa na panga mkononi, na boga lilikuwa miguuni pake. Nilijua atainama, atalipasua, atawaonyesha funza. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Akawatazama wazazi, akamtazama mwalimu mkuu aliyesimama nyuma yao, halafu akanigeukia mimi.

"Ni huyu Faida," akasema. "Mimi sikujua. Leo ndio nasikia."

Wasichana niliokuwa nimesimama nao walirudi nyuma wote, na mvulana mmoja akapiga mluzi. Mama yule hakunitukana. Aliniambia kwa upole tu nitoke kwa kuzunguka nje, nisipite tena kwenye matuta. Nikazunguka, shule nzima ikinitazama.

Tangu hapo, wenzangu wakienda bustanini mimi nilifagia madarasa. Na kupitia dirishani nikamwona Mwalimu Tumwine akiwaongoza wavulana kuzika maboga mabovu katika shimo refu. Aliwaambia ni usafi tu, lakini mimi na yeye tulijua shimo lile lilikuwa la kuwamaliza nzi na mayai yao. Maboga ya msimu uliofuata yalikuja mazuri, makubwa, na kila mtu akasema yamependeza kwa sababu mimi nimeondolewa. Yalipopikwa, nilisema tumbo linaniuma.

Nilitegemea Koko aseme si nilikwambia. Badala yake alinisuka nywele polepole, na alipofika kisogoni akasema, "Hata kwetu maboga ziliozaka na vidudu. Kila mwaka walipata binti wa kusema ni yeye. Mwaka moja ilikuwa miye."

Ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akinikinga na watu. Maboga yenyewe hayakuwa hofu yake.

Siku hizi ninashona nguo Mbarara. Mwalimu alinipita sokoni siku moja, mvi kichwa kizima, akarudi nyuma na kuniita kwa furaha, "Faida! Kiongozi wa maboga!" Alinieleza kwamba bustani ingali hai. Nilimuuliza, kwa nini alisema hakujua? Akashusha macho. "Wangengoa yote," akasema. "Watoto wangekula nini?"

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi nikiwa kwenye cherehani. Ni kweli wangeing'oa, na ni kweli watoto walikula. Yule mama wa Misiera sina kinyongo naye. Aliamini alichokisema, na alikuwa akiogopa njaa ya wanawe. Wenzangu nao walikuwa watoto. Lakini Mwalimu nimeshindwa kumsamehe. Kati ya watu wote waliosimama bustanini siku ile, yeye peke yake, ukimwacha Mungu, alikuwa na hakika kwamba sina kosa, na ndiye aliyenitaja.