Siku Vaileth Alipomfuta Mzee Kitashu

Mimi na Vaileth tunatumia baraza moja hapa Kilosa mjini, karibu na stesheni ya treni. Yeye yuko ndani na kompyuta zake, mimi Hildegarda niko nje na cherehani yangu, na ukuta ulio kati yetu ni mwembamba kiasi kwamba nikipiga chafya ananipa pole bila kuinuka. Kwa hiyo haya ninayosimulia sikuhadithiwa. Niliyaona na kuyasikia, na pale ambapo sikusikia vizuri nilisimamisha cherehani.

Vaileth ni Mkaguru wa Berega, mtoto wa mkunga, na hawezi kuona kitu kimekaa shaghalabaghala akanyamaza. Alianza kazi ya ukarani wa taipu kwenye ofisi ya shamba la mkonge. Shamba lilipouzwa kwa mtu binafsi mwaka tisini na saba, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akatoka getini na taipureta kichwani kama ndoo ya maji. Wenzake walilia. Yeye aliitua barazani kwetu, akatundika kibao cha steshenari, na tangu hapo hakuna barua ya kuomba kazi, kadi ya harusi wala malalamiko kwa mkuu wa wilaya yaliyotoka mjini bila kupita mikononi mwake. Baadaye ikaja kompyuta, mwaka elfu mbili na sita ikaja intaneti, na watu wakaanza kutaka imeili.

Imeili inataka neno la siri, na hapo ndipo tabia za watu zilipojulikana. Sisi Waanglikana karibu wote tulichagua namba ya wimbo tunaoupenda kanisani. Wafugaji wakachagua jina la ng'ombe. Na wote, wenye nyimbo na wenye ng'ombe, tulifanya kosa moja: tulimwachia Vaileth. "We kaa nayo tu, dada," mtu anasema, anaondoka zake, na akirudi baada ya miezi mitatu anasimama mlangoni na kusema, "Nifungulie," utadhani ana gunia lake la mahindi humo ndani.

Mwanzoni maneno yote ya siri yalikaa kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu. Kisha fundi mmoja kutoka Morogoro akamwekea programu ya kuyatunza ndani ya kompyuta, yote yakafungwa kwa neno moja analolijua Vaileth peke yake. Mwaka elfu mbili na tisa ile kompyuta ikaanza kukohoa. Akanunua nyingine, nayo ikaja na programu mpya, bora zaidi, ya kazi hiyohiyo. Ilibaki kuhamisha watu mia mbili na kumi na wanne kutoka programu ya zamani kwenda mpya. Fundi alisema ni kazi ya dakika moja: unatoa faili huku, unaliingiza kule, basi.

Lakini Vaileth ni Vaileth. "Mtu akihama nyumba habebi takataka," akaniambia. Akaamua kupitia orodha jina kwa jina. Walio hai atawahamisha. Waliofariki, akishaulizia ndugu zao, atazifunga kabisa akaunti zao huko mtandaoni, ili marehemu asisumbuliwe na barua za matangazo. Kuonyesha mfano, alianza kwa kufuta akaunti yake mwenyewe ya kwanza, ambayo alikuwa haitumii tena.

Ndugu walikuja. Samweli alisema futa ya babu. Yudith alikataa katakata kufutiwa ya mumewe, akasema bado anamwandikia kila Krismasi na hajawahi kugombana naye tangu aanze. Hiyo ikahamishwa na walio hai.

Kisha akaja kwenye jina la Kitashu.

Mzee Kitashu ni mfugaji wa mbugani, upande wa Mikumi. Binti yake Sipora anasomea uuguzi India, katika mji wa Bangalore, na tangu aondoke kamba iliyowaunganisha ni ile imeili tu. Mzee hajui kusoma. Anakuja, anakaa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti, Vaileth anamsomea. Sipora hukumbuka ng'ombe wa nyumbani kwa majina na huuliza habari za kila mmoja kabla ya kuuliza habari za watu. Siku za barua hizo sikushona kitu cha maana.

Sasa mzee alikuwa hajaonekana miezi minne. Siku ileile akaingia Seleina, mama kijana wa Kimasai anayeuza maziwa Mikumi, kutoa kopi ya kadi ya kliniki. Vaileth akajua wanatoka upande mmoja, akamuuliza, "Mama, huyu Kitashu yupo?"

Seleina akainamisha uso, akavuta shuka mpaka kidevuni. "Hilo jina mimi silitaji," akasema.

Vaileth anajua mambo ya Wamasai nusu, na nusu ndiyo inayoponza. Alijua kwamba hawataji jina la aliyekufa. "Pole sana, mama," akasema kwa uchungu. "Asante," Seleina akajibu, maana alikuwa ametoka safari na kapewa pole. Akachukua kopi zake, akaongeza, "Pakiteng anakusalimia sana," akaondoka. Huyo Pakiteng amekuwa akitusalimia miaka mitatu na hatukuwahi kumjua.

Vaileth akafuta machozi, kisha akafuta akaunti. Aliniambia kampuni yenye imeili hungoja siku thelathini: mtu akiingia kwa neno lake la siri ndani ya siku hizo, akaunti hurudi na barua zake zote, zikipita, imekwenda. Programu mpya ikabaki bila Kitashu, kompyuta ya zamani ikasafishwa na kuuzwa. Na lile daftari, niseme tu ukweli, niliwashia pasi yangu ya mkaa, ukurasa baada ya ukurasa.

Siku ya ishirini na nane, siku ya Alhamisi, Mzee Kitashu akapanda barazani kwa makatambuga yake ya tairi, amekonda lakini mzima kama mimi na wewe.

"Shikamoo baba," Vaileth alisema, kalamu ikamdondoka.

"Marahaba. Nifungulie. Nilikwenda mbali na ng'ombe, ukame huu. Sipora atakuwa ameandika."

Ningekuwa mimi ningesema intaneti imekatika. Vaileth akasimama, akasema, "Baba, nimekufuta. Nilijua umefariki."

Mzee akajitazama kuanzia kifuani mpaka miguuni. "Nani alisema?"

"Hakuna aliyesema. Ndiyo maana nikajua."

Nilijificha nyuma ya kitambaa nisionekane nacheka, lakini kicheko kilikufa haraka. Vaileth alimweleza habari ya siku thelathini, kwamba limebaki neno la siri tu, na kwamba ni jina la ng'ombe. Je, alimtaja ng'ombe yupi? Mlango wa nyuma haukuwepo: kampuni ingeweza kutuma msaada kwa imeili ya mdhamini, lakini mdhamini alikuwa Vaileth, kwa ile akaunti yake aliyoifuta ya kwanza, nayo siku zake thelathini zilikwisha pita.

"Ng'ombe ni wengi," mzee akasema. "Nilikutajia mmoja, ukaandika. Mimi nilikuwekea. Mtu akiniwekea ng'ombe wake, akaja baada ya miaka kumi, simuulizi ng'ombe wako alikuwa wa rangi gani. Namwonyesha."

Hakupaza sauti. Vaileth alilia mbele ya wateja, na mimi nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, maana kwa kawaida yeye ndiye anayetuonea sisi.

Walijaribu Narok. Hapana. Nanyokie. Hapana. Naibor. Kompyuta ikasema mmekosea mara tatu, rudini kesho. Mzee akaenda kulala kwa ndugu yake. Ijumaa asubuhi akarudi, Vaileth akampa shikamoo, naye akakaa kwenye benchi bila kuitikia. Huku kwetu mtu mzima asipoitikia shikamoo yako, afadhali angekutukana. Akataja ng'ombe wengine watatu, wote wakakataliwa. Ilibaki Jumamosi.

"Sipora nitampata wapi?" mzee aliuliza, lakini alikuwa akiiuliza fimbo yake. Namba ya simu ya binti ilikuwa ndani ya barua. Kila kitu kilikuwa ndani ya barua.

Mimi damu ilinichemka, nikataka mtu wa kumgombeza. "Huyo Seleina," nikamwambia Vaileth, "twende akatueleze kwa nini alimuua mzee wa watu." Tukafunga duka mchana, tukapata lifti kwenye lori la mbao mpaka Mikumi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Tulimkuta Seleina kando ya barabara kuu na ndoo zake za maziwa. Nilipoanza tu, "Wewe ulisema Kitashu amekufa," akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mimi? Nimwombee kifo baba mkwe wangu?"

Tukadakia pamoja, "Baba mkwe wako?"

"Mimi ni mke wa Sapit, mtoto wake. Jina la baba mkwe mwanamke hataji. Hata akiwa mzima, hasa akiwa mzima."

"Sasa wewe unamwitaje?" Vaileth akauliza.

"Pakiteng. Si huwa nawaletea salamu zake kila siku? Alinipa ng'ombe nilipoolewa. Mkipeana ng'ombe mnaacha majina. Yeye ananiita Pakiteng, na mimi namwita Pakiteng."

Maneno yangu yote niliyoyapanga tangu Kilosa yalipotea, nikabaki nimeshika ndoo ya mtu. Vaileth ndiye aliyeuliza, polepole, "Ulipewa lini?"

"Wiki ileile Sipora alipopanda ndege."

"Na huyo ng'ombe anaitwa nani?"

"Semina. Pakiteng aliitwa semina hapa Mikumi, ya wafugaji na wanyamapori, siku tatu. Posho waliyompa akanunua mtamba."

Vaileth akajipiga paji la uso kwa kiganja mpaka watu wa basi lililosimama wakageuka. Alikumbuka. Miaka mitatu nyuma alicheka alipokuwa akiliandika, na mzee alimkemea kwa kucheka. Na kwa siku mbili mzee alikuwa ametaja kila ng'ombe aliyenaye, lakini Semina hakumpitia kichwani, kwa sababu ng'ombe aliyekwisha mpa mtu hamweki tena kati ya walio wake.

Tulilala kwa binamu yangu hapo Mikumi, asubuhi tukarudi na Seleina. Mzee alikuwa benchini kabla yetu. Seleina akainama, mzee akamgusa kichwa kwa salamu, na Vaileth akaandika herufi sita. Akaunti ikafunguka. Barua arobaini na tatu, zote zilikuwepo. Nilipiga kigelegele peke yangu, na sioni haya.

Lakini ya siku za karibuni haikuwepo hata moja. Mwezi mzima zilizotumwa zilikuwa zimegonga mlango uliofungwa na kurudi. Vaileth akaandika papo hapo: "Sipora, ni mimi Vaileth wa steshenari. Baba yako yuko hapa mbele yangu, mzima. Nilifuta akaunti yake kwa ujinga wangu. Nisamehe." Akatuma. Seleina akatugawia maziwa. Mzee alikuwa kwenye kikombe cha pili jibu lilipoingia.

Vaileth akalisoma kwa sauti yake ya siku zote.

"Barua zangu tatu zilirudi. Niliogopa kumuuliza mtu yeyote, maana nilijua nikiuliza hakuna atakayelitaja jina, na hapo ningekuwa nimejibiwa. Wiki tatu nalia bwenini na siwezi kuwaambia wenzangu ninalia nini. Dada Vaileth, sikuamini wewe. Kama baba yuko hapo kweli, anitajie ng'ombe, nijue ni yeye."

Mzee Kitashu aliweka kikombe chini, akajifuta uso kwa ncha ya shuka, kisha akaanza. Alianza na Semina, ambaye si wake tena. Akaja Narok na ndama wake, Nanyokie aliyevunjika pembe, Naibor, na wengine ambao siwezi hata kuyatamka majina yao, bila kuhesabu, bila kukosea, yupi alizaa, yupi alikufa na ukame, na karibu na kisima gani. Vaileth aliandika kama enzi za taipureta. Katikati ya orodha jibu likaingia, neno moja tu: "Baba."

Mzee aliendelea mpaka akamaliza ng'ombe wote.

Walipokwisha kuagana na Sipora, Vaileth akaandika lile neno la siri kwenye kikaratasi, akalikunja, akampa mzee kwa mikono miwili. "Hili ni lako, baba. Ukae nalo mwenyewe. Mimi sistahili kuwekewa tena."

Mzee alikitazama kile kikaratasi, akakirudisha mezani. "Mimi sisomi. Na ng'ombe wangu yuko kwako mwaka wa tatu huu. Ulimpoteza, ukaenda Mikumi kumtafuta, ukamrudisha. Kaa naye." Akachukua fimbo yake. "Ila jina langu uache kuliita."

Vaileth akageukia kompyuta. Nilichungulia begani kwake nikaona anaandika kwenye ile programu mpya, mahali pa jina: Pakiteng. Kisha akainuka haraka, akamwahi mzee mlangoni.

"Shikamoo, Pakiteng," akasema.

"Marahaba, Pakiteng," mzee akajibu.